Mkutano Machakos: Mwongozo kwa mjumbe mgeni

MGENI anayealikwa kuhudhuria mkutano mjini Machakos aghalabu hufanya kosa moja linaloonekana dogo: hulala Nairobi. Hutazama ramani, akaona kwamba kati ya miji hiyo miwili hakuna zaidi ya kilomita 60 na ushei, akaamua kukodi chumba katika jiji kuu na kusafiri kila asubuhi. Siku ya kwanza hufika hotuba ya ufunguzi ikiwa imekwisha. Siku ya pili hufika kwa wakati lakini husinzia. Siku ya tatu huondoka kabla ya maazimio kusomwa kwa kuhofia msongamano wa magari wa jioni. Mkutano aliougharamia kwa nauli, posho na ruhusa ya kazini huwa umempita kando.

Makala haya yanakusudiwa kumwepusha mjumbe na hasara hiyo. Yanaeleza njia za kufika Machakos, stakabadhi zinazohitajika, mambo ya kuuliza kabla ya kulipia malazi, na namna ya kuishi na wenyeji kwa siku chache za mkutano.

Mji uliozoea wageni

Machakos si mgeni wa mikutano. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla Nairobi haijawa mji, hapa ndipo palipokuwa na kituo kikuu cha utawala wa Waingereza katika bara, kilichoanzishwa na kampuni ya Imperial British East Africa. Jina lenyewe latokana na Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba aliyeishi katika eneo hilo. Reli ya kutoka Mombasa ilipopita mbali na mji huo na kufika Nairobi mwaka wa 1899, ofisi za utawala zilihamishwa kuifuata. Machakos ikabaki chini ya vilima vya Iveti, ikiwa karibu na jiji lakini si sehemu yake.

Hali hiyo ya kuwa karibu bila kumezwa ndiyo iliyoufaa mkutano mashuhuri zaidi uliowahi kufanyika mjini humo. Mnamo Juni 2002, wajumbe wa Serikali ya Sudan na wale wa kundi la SPLM walikutana Machakos chini ya usimamizi wa shirika la IGAD, mpatanishi mkuu akiwa Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Walikaa mjini humo kwa takribani wiki tano. Tarehe 20 Julai 2002 walitia saini mkataba uliopewa jina la mji wenyewe, Itifaki ya Machakos, ambao ulikubali kwamba watu wa Sudan Kusini wangepiga kura kuamua hatima yao baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Mazungumzo yaliendelea katika miji mingine hadi mkataba kamili ulipotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005. Kura ilipigwa Januari 2011, na taifa jipya likazaliwa Julai 9 mwaka huo.

Yaliyoifuata nchi hiyo baadaye ni habari nyingine. Kwa mjumbe wa leo, funzo ni jepesi: wajumbe wale hawakuwa wakirudi Nairobi kila jioni. Walilala walikokutana, wakala pamoja, na mazungumzo yasiyokuwa kwenye ratiba yakapata nafasi. Hata katika mkutano wa walimu, wakulima au vyama vya ushirika, mambo mengi hukamilishwa mezani baada ya kikao kufungwa.

Stakabadhi za safari

Raia wa kigeni anayeingia Kenya hahitaji viza tangu Januari 2024. Badala yake, wengi hutakiwa kuomba kibali cha kusafiri cha kielektroniki, kinachopatikana kwa njia ya mtandao kabla ya kuanza safari. Raia wa nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, hawatakiwi kuwa nacho. Kwa kuwa kanuni hizi zimebadilishwa mara kadhaa katika muda mfupi, ni busara kuzithibitisha katika tovuti rasmi ya serikali wiki chache kabla ya safari, na kujihadhari na tovuti za mawakala zinazotoza ada kubwa kwa kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe.

Raia wa Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka wa 2014. Wengine wabebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano aonyeshe cheti cha chanjo. Chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake ni cha maisha. Mjumbe asisahau kwamba cheti hicho chaweza kudaiwa vilevile anaporudi kwao, kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi zenye homa hiyo.

Barua ya mwaliko ibebwe kwa karatasi, isiachwe kwenye simu pekee. Iwe na jina la ukumbi, jina la mji, tarehe za mkutano, na nambari ya simu ya mwenyeji ambaye ataipokea hata usiku. Afisa wa mpakani akiuliza mgeni anakwenda wapi, karatasi hiyo hujibu upesi kuliko maelezo marefu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017. Mgeni aiache kwao na kufungasha vitu vyake katika mfuko wa kitambaa.

Jina moja, mahali kadhaa

Kabla ya kupanda gari lolote, mjumbe ahakikishe anakwenda Machakos ipi. Jina hilo hutumiwa kwa mahali kadhaa, na wageni wengi wamepotezwa nalo.

Kwanza, kuna mji wa Machakos, ulio makao makuu ya kaunti. Pili, kuna Kaunti ya Machakos, ambayo ni pana mno. Mlolongo na Athi River zimo katika kaunti hiyo, ingawa ziko kando ya barabara kuu ya Mombasa na zimepakana na Nairobi kuliko mji wa Machakos. Mkutano unaotangazwa kuwa “Machakos” waweza kuwa katika hoteli ya Athi River au katika bewa la Chuo Kikuu cha Daystar, wala si mjini. Vivyo hivyo, ulio katika Chuo Kikuu cha Machakos uko mjini hasa. Tofauti ya mahali hapa na pale ni safari ya nusu saa au zaidi.

Tatu, kuna kituo cha mabasi cha Machakos, maarufu kama Machakos Country Bus, ambacho hakiko Machakos kabisa. Kiko Nairobi, karibu na soko la Muthurwa, na mabasi yake huenda sehemu nyingi za nchi. Mgeni anayemwambia dereva wa teksi jijini “nipeleke Machakos” aweza kushushwa hapo na mizigo yake, katikati ya umati, akidhani amefika. Aseme wazi: “mjini Machakos, Ukambani”.

Njia za kufika

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba karibu njia zote za kwenda Machakos hufika huko bila kuingia katikati ya Nairobi.

Anayekuja kwa ndege hushukia katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Uwanja huo uko upande wa kusini-mashariki wa jiji, yaani upande ule ule wa kuelekea Machakos. Akitoka uwanjani na kugeukia Mlolongo na Athi River, amekwisha kuianza safari yake. Akigeukia jijini kutafuta hoteli, anarudi nyuma, na kesho yake ataipita njia ya uwanja huo huo tena.

Anayekuja kwa gari la moshi kutoka Mombasa ana nafasi nzuri pia. Kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 kiko Syokimau, nje ya katikati ya jiji. Treni inayosimama katika vituo vya kaunti husimama Athi River, mahali ambapo ni karibu zaidi. Treni ya moja kwa moja haisimami hapo, kwa hiyo tiketi ikatwe kwa uangalifu.

Anayetoka Arusha kupitia Namanga hupita Kajiado, Isinya na Kitengela, kisha huingia barabara kuu ya Mombasa huko Athi River. Amwambie utingo mapema kwamba atashuka hapo. Akisahau, basi litamfikisha Nairobi, na itambidi arudi njia hiyo hiyo.

Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa, Voi au Kibwezi hushuka Kyumvi, ambapo barabara ya Machakos hutengana na barabara kuu. Hapa tahadhari inahitajika. Mabasi ya usiku kutoka Pwani hupita mahali hapo kabla ya mapambazuko, na si vyema mgeni mwenye mizigo kushushwa gizani kando ya barabara. Achague basi la mchana, au apange na mwenyeji wake ampokee.

Ni wale wanaotoka Uganda, Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ambao kwa kawaida hupitia Nairobi. Hao wafike jijini mchana, wavuke, na kuendelea siku hiyo hiyo kabla magari ya watu watokao kazini hayajajaa barabarani.

Kwa anayeendesha gari lake, njia ni rahisi kuikumbuka. Kutoka Nairobi huifuata barabara kuu ya Mombasa, akapita Mlolongo na Athi River, na kufika Kyumvi anageukia kushoto. Akiona vibao vya Konza, ajue amepita. Barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kati ya Westlands na Mlolongo, hupunguza muda wa kuvuka jiji. Hata hivyo, haimsaidii mtu baada ya Mlolongo, ambako malori yaendayo na yatokayo bandarini hujazana. Ni malori hayo, wala si umbali, yanayofanya kilomita 60 kuchukua saa moja leo na saa tatu kesho.

Katika matatu, abiria afunge mkanda na akatae kusimama au kubanwa. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zinampa haki hiyo. Nauli hupanda wakati wa mvua na sikukuu, basi aiulize kabla ya kuketi. Akipanda bodaboda mjini, adai kofia ngumu. Nambari za dharura kote nchini ni 999 na 112.

Malazi na hali ya hewa

Kwa kuwa mji ni mdogo, vyumba vizuri hujaa upesi kunapokuwa na mikutano miwili kwa wakati mmoja. Mjumbe asingoje mwandalizi amtafutie. Apige simu mwenyewe na kuuliza mambo manne: bei ni ya chumba au ya mtu, kiamsha kinywa kimo au hakimo, hoteli ina tangi la maji na jenereta au haina, na ni mwendo gani hadi ukumbini. Apewe risiti rasmi, kwani waajiri wengi hawarudishi fedha bila hiyo.

Swali la maji si la kupuuzwa. Ukambani ni nchi kavu, na mji hutegemea kwa sehemu bwawa la Maruba lililo karibu. Mgeni anayeacha bomba likitiririka anapopiga mswaki huwatia wenyeji simanzi, hata wasipomwambia. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa.

Kwa upande mwingine, ukavu usimfanye mtu adhani kuna joto jingi. Mji uko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi na usiku huwa na baridi kali kwa mtu wa Pwani, Dar es Salaam au Zanzibar, na sweta ni ya lazima. Mvua hunyesha kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Ile ya mwisho wa mwaka ndiyo wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi.

Umeme ni wa volti 240, na soketi ni za pini tatu za mraba kama zile za Uganda. Anayetoka Ulaya au Kongo abebe adapta.

Saa na ratiba

Wajumbe kutoka Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wasogeze saa zao mbele kwa saa moja. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe, lakini saa ya mkononi haijibadilishi. Aliyeisahau hufika ukumbini saa nzima baada ya wenzake.

Mkanganyiko mwingine ni wa lugha. Ratiba ya Kiingereza ikiandika saa 8.00 asubuhi, mwenyeji ataitaja kuwa saa mbili. Ikiandika 2.00 mchana, ataitaja kuwa saa nane. Mjumbe asiyekizoea Kiswahili anayeambiwa “gari litaondoka saa mbili” aulize mara moja: ni saa mbili ya asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, au ni hesabu ya Kiingereza? Swali hilo dogo limeokoa safari nyingi.

Fedha na mawasiliano

Sarafu ni shilingi ya Kenya. Shilingi za Tanzania na Uganda zibadilishwe mpakani katika ofisi yenye leseni, kwa maana huko ndani wanaozipokea ni wachache. Malipo mengi mjini, kuanzia hoteli hadi muuza ndizi, hufanywa kwa M-PESA, huduma iliyoanzishwa mwaka wa 2007. Mgeni aweza kununua laini ya simu kwa kuonyesha pasipoti au kitambulisho na kuisajili. Asikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, wala asimpe yeyote nambari yake ya siri. Akipokea ujumbe unaodai kwamba fedha zimeingia kwake kwa makosa na zirudishwe, atazame kwanza salio lake.

Adabu na mlo

Wenyeji wengi ni Wakamba, na maneno machache ya Kikamba hufungua milango. “Wimuseo?” ni kumjulia mtu hali, na hujibiwa “nimuseo”. “Muvea” ni asante. Mzee husalimiwa kwanza, na haja huelezwa baadaye. Kumpiga mtu picha sokoni bila kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu.

Kuhusu chakula, asiondoke mtu bila kuonja muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa pamoja na maharage au mbaazi. Ni chakula kizito, kwa hiyo anayetakiwa kutoa mada mchana apime kiasi. Mjumbe Mwislamu asione haya kuuliza mapema kuhusu nyama halali, na asiyekula nyama aseme hivyo anapojisajili.

Baada ya kikao

Aliyelala Machakos huwa na saa moja au mbili za jioni ambazo aliyelala Nairobi huzitumia kwenye foleni. Bustani ya umma ya People’s Park, iliyofunguliwa mwaka wa 2013, ni mahali pa kutembea na kupumzika. Nje ya mji kuna mlima wa Kituluni, ambako barabarani maji na magari huonekana kana kwamba yanapanda mlima yenyewe. Wataalamu husema ni macho yanayodanganywa na mwinamo wa ardhi.

Mwenye siku nzima afike Wamunyu, kwenye barabara ya Kitui. Huko ndiko kitovu cha uchongaji wa vinyago vya Wakamba, ufundi ulioenezwa na Mutisya Munge baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alipourejesha kutoka Tanganyika. Kununua kinyago au kiondo kwa aliyekitengeneza humpa fundi riziki bila dalali. Lakini kitu chochote cha pembe ya ndovu kiepukwe: biashara yake ni kosa kubwa kisheria.

Mjumbe wa mikutano ya kilimo au mazingira atazame vilima akiwa njiani. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi hii ilikuwa ikimomonyoka kupita kiasi na kwamba ingekuwa jangwa. Wakulima, hasa wanawake katika vikundi vya kazi vinavyoitwa mwethya, waliichimba kwa majembe, wakatengeneza matuta ya “fanya juu”. Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuonyesha kwamba watu waliongezeka maradufu na zaidi ilhali mmomonyoko ulipungua. Matuta hayo yangaliko, na hayahitaji kiingilio.

Kuondoka

Siku ya kurudi, anayepanda ndege aondoke mjini saa tano au sita kabla ya kuruka. Akifika mapema atasubiri. Akichelewa hakuna wa kumlaumu. Anayetumia basi la kwenda Arusha au Mombasa apange alikabili njiani, Athi River au Kyumvi, badala ya kulifuata Nairobi. Tiketi iandikwe mahali hapo pa kupandia, na kampuni ithibitishe kwamba basi litasimama.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chumba kimoja kinachokodiwa Machakos kwa usiku mmoja ni mshahara wa mhudumu, ni mboga za mama wa sokoni, ni nauli ya kijana wa bodaboda. Fedha hizo zikilala Nairobi, mji hubaki na vikombe vya chai vya kuosha. Nao waandalizi wanaoupeleka mkutano Machakos kwa sababu ni karibu na jiji, kisha wakawalaza wajumbe jijini, wameichukua taabu ya safari na kuiacha faida yake.